Soksi ya Kushoto na Betri za Lusungwi

Jumapili, 18 Mei

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Lusungwi, wa Kanisani na wa Ng'ambo ya bonde, kwamba soksi ya sufu ya mguu wa kushoto, mali ya Vitus Mhongole, iliyoripotiwa kupotea tangu Ijumaa, imepatikana salama. Ilikuwa imevaliwa mguu wa kulia, juu ya mwenzake. Msako umesitishwa. Familia inawashukuru wote walioshiriki, na hasa mke wangu Lea, ambaye hakushiriki ila alicheka sana.

Maana yake baridi imeanza. Wale wanaonunua nyanya pale Ilula kupitia dirisha la basi hawajui kwamba ukiiacha lami na kupanda na pikipiki kuja kwetu, unafika mahali ambapo hata nyanya ingeomba koti.

Fundi Lusekelo, aliyetufungia umeme wetu, ameniagiza nipime volti kila siku. Volti naziandika ubaoni, kwenye nyumba ya betri. Humu naandika yale ambayo ubao hauna nafasi nayo, yaani watu.

Umeme wetu hautoki kwenye gridi ya taifa. Nguzo za taifa zimeishia bondeni, zikatuangalia, zikakata tamaa. Wa kwetu unatoka kwenye paneli za jua kilimani na mtambo mdogo wa maji kule mtoni, unalala kwenye betri, halafu unasambaa kwa waya mmoja kwa kijiji kizima. Kila nyumba ina kisanduku ukutani. Volti kwenye waya zikishuka, visanduku vinakata vyenyewe kwa zamu: kwanza televisheni ya kilabuni na saluni, halafu maduka, halafu nyumba za watu, na mwisho kabisa zahanati na mashine ya kutotolea vifaranga ya mdogo wangu Evarista. Hakuna anayepiga simu wala anayeomba ruhusa. Wazee nimewaeleza hivi: ni kama ulanzi. Wanywaji mkikaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja anaona ulipofika, na mwenye adabu anapunguza mafunda bila kuambiwa. Volti ndiyo kimo cha ulanzi chunguni.

Mimi ndiye msimamizi wa nyumba ya betri. Kwenye mkutano wa uchaguzi niliuliza maswali mengi mno, mwenyekiti akaona dawa ya kuninyamazisha ni kunipa cheo. Dawa haikufanya kazi.

Jumatatu, 19 Mei

Soksi zote mbili zipo, kila moja mguuni kwake. Volti nzuri.

Jumamosi, 24 Mei

Lusekelo amekuja kutoka Mbeya kukagua. Ni kijana wa Kinyakyusa, makazi yake Soweto ya huko huko Mbeya, na alipanda huku amevaa kikoti chepesi kama mtu anayewahi sendoff.

"Mzee Vitus, ndaga. Hii ni baridi au ni adhabu?"

"Hii ni salamu tu, mwanangu. Baridi yenyewe bado iko Mufindi, inafunga mizigo."

Amenionyesha kila kitu upya. Amenionyesha kidhibiti, lile sanduku la bluu ukutani linaloamua betri zilishwe kiasi gani, na taa yake ya kijani inayowaka betri zikishiba. Amenionyesha na kidude cheusi, kidogo kama punje ya harage, kilichobandikwa kwa gundi ubavuni mwa betri ya pembeni. Hicho, anasema, ndicho kinachopima joto la betri na kukipelekea kidhibiti habari. Akaeleza kidhibiti kinazifanyia nini habari hizo. Niliitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa. Kwa kweli wakati huo nilikuwa nawaza kama Lea amekwisha kuepua viazi.

Jambo moja nililolishika vizuri ni hili: "Betri za asidi hazipendi baridi, mzee. Zikipoa sana zinalegea."

Hilo lilinigusa. Na mimi niko hivyo hivyo.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya misa nilitangaza kwamba betri zetu zinasikia baridi. Nilisema kwa nia ya kujulisha tu. Sikujua nasema na akina mama.

Huku kwetu kitu kichanga hakiachwi wazi mwezi wa sita, na umeme wetu haujatimiza mwaka. Saa saba mchana walikuwa mlangoni kwangu, Wakatoliki wa Kanisani na Walutheri wa Ng'ambo pamoja, kama kwenye mgowe, ile kazi ya pamoja ya kulima. Mama Sedekia ameleta blanketi la mtoto lenye picha ya dubu. Evarista, ambaye ameolewa Ng'ambo na siku hizi anaimba alto ya Kilutheri, ameleta shuka zito la mume wake. Tumezifunika betri zote, tumezikunjia pembeni, na mtu mmoja alitaka kuzipulizia sala.

Nami kama msimamizi sikutaka kuonekana baba asiyejali. Nilichukua chupa kubwa ya plastiki, nikaijaza maji ya moto, nikaivisha soksi yangu ya kushoto isiunguze, nikaichomeka chini ya blanketi la dubu. Niliiweka wapi? Pale pale kwenye ile punje nyeusi. Niliwaza kwamba kama hapo ndipo joto la betri linapopimwa, basi hapo ndipo betri inaposikia baridi. Mtoto akikuonyesha panapouma, unachua hapo hapo, huchui kwingine.

Lea ametazama kazi yote akiwa amefunga mikono kifuani. "Tumeoana miaka yote hii, Baba Blessing," amesema, "hujawahi kuniwekea mimi chupa ya maji ya moto."

Jumanne, 3 Juni

Mafanikio makubwa. Taa ya kijani imewaka saa nne asubuhi. Kabla ya mablanketi ilikuwa inangoja hadi saa nane mchana. Betri zetu sasa zinashiba mapema kama watoto wenye afya. Nimempigia Lusekelo kumweleza, simu yake haikupatikana. Nimemweleza kila mtu mwingine.

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu. Nabadilisha maji ya chupa asubuhi na adhuhuri. Lea anauliza kuni zinakwenda wapi.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi Evarista amekuja kutoka Ng'ambo kwa miguu, hakusalimia. Aliweka kikapu mezani. Ndani mlikuwa na mayai.

"Yote yamekufa, kaka. Mashine ilizima jana jioni, imewaka leo jua likiwa limeshapanda. Nimevunja matatu niangalie. Walikuwa na manyoya tayari."

"Mashine yako haikatwi, Evarista. Wewe na zahanati mko mwisho kabisa."

"Mwisho wa nini? Kanisani taa zilikuwa zinawaka. Nilisimama mlangoni kwangu, gizani, naziangalia zinavyopendeza."

Nilimpigia Lusekelo mbele yake, na safari hii alipokea. Alieleza kwamba waya wa kwenda Ng'ambo ni mrefu, unashuka bonde na kupanda, na volti zinapungua njiani. Kwa hiyo kisanduku cha Evarista kinaona zimekwisha wakati huku Kanisani bado zipo. Alisema atakuja kurekebisha kisanduku, na kwamba tatizo kubwa si hilo: betri zetu zinakwisha mapema kuliko inavyopaswa. "Kuna mtu anakula umeme mwingi, mzee. Mtafuteni."

Evarista alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo umeme unachoka kupanda kwetu," alisema, "ila lawama hazichoki."

Mashine ile waliinunua akina mama wa Ng'ambo kwa kuuza njegere misimu miwili. Alibeba kikapu chake akaondoka. Nilitaka kumsindikiza, lakini ilikuwa zamu ya kubadilisha maji ya chupa.

Jumapili, 15 Juni

Mkutano. Mzee Amos wa Ng'ambo alisimama na fimbo yake, akaongea taratibu, na hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu Mzee Amos akipiga kelele huwa hajakasirika.

"Msimamizi alitueleza umeme ni kama ulanzi. Vizuri. Sisi ulanzi tunaujua. Chungu kikianza kukauka, kopo linapelekwa kwanza kwa aliyekaa mbali, kwa sababu aliye karibu ana mkono. Huu ulanzi wenu wa waya, aliye mbali ndiye anaambiwa wa kwanza kwamba chungu kimekwisha."

Mtu wa nyuma akasema labda chungu ni cha Kikatoliki. Watu wakacheka, lakini si wote.

Nimeahidi kumtafuta mla umeme.

Alhamisi, 19 Juni

Ukungu. Taa ya kijani saa nne kasoro. Umeme umekatika saa moja jioni. Sielewi mtu anayeshiba asubuhi na kuzimia jioni.

Ijumaa, 27 Juni

Leo nimefanya ukaguzi, kalamu sikioni. Nimeanzia kwa Farhan mwenye duka, kwa sababu ana friji, na kwa sababu, niseme ukweli, si wa hapa. Alizaliwa Mlandege, pale Iringa mjini, na babu yake alitoka Bagamoyo. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumshuku.

"Karibu, Baba Blessing. Leo umekuja kununua au kukamata?"

"Nimekuja kuangalia friji."

"Liangalie, halina siri."

Nimefungua. Ndani mlikuwa na chumvi, majani ya chai na viberiti, vimepangwa vizuri. Halikuwa na baridi hata kidogo. Nje ndiko kulikuwa na baridi zaidi.

"Nimelizima tangu mwezi wa tano," amesema Farhan. "Babu yangu alikuwa mtu wa pwani, lakini mimi sijafikia ujinga wa kuwasha friji ndani ya friji."

Nimenunua kiberiti ambacho sikukihitaji. Amenifungia kwenye gazeti kwa heshima zote, na heshima hizo ndizo zilizonichoma.

Nikaenda saluni, nikaenda kilabuni, nikavuka bonde hadi Ng'ambo nikitafuta pasi na majiko ya umeme. Sikupata hata moja. Nimepata balbu moja moja, na watu wanaonitazama ninavyotazama balbu zao.

Jumamosi, 5 Julai

Lusekelo alikuja juzi mbio mbio, akashusha kiwango cha kisanduku cha Evarista ili kivumilie zaidi, akarudi Mbeya, kwani wanajiandaa na maonyesho ya Nane Nane. Hakuingia nyumba ya betri. Nilimwambia huko kuko vizuri, taa ya kijani inawaka kila asubuhi.

Leo Evarista ameweka mayai mapya. Yake yalikwisha, haya ni ya Ng'ambo nzima. Kila mama ameleta ya kuku wake na kuyaandika herufi kwa penseli. Nilimkuta akiyapanga kwenye trei, amevaa miwani.

"Hili la Mama Sedekia. Hili la mke wa Mzee Amos, amelileta mwenyewe, ana kuku mmoja tu. Unajua wamesema nini, kaka?"

"Wamesema nini?"

"Haya yakifa, wanang'oa visanduku vyote vya Ng'ambo, wanavileta kwako kwenye kiroba. Na mimi nitakuwa nimeua kuku wa watu. Nitaishije pale? Nitaimba alto na nani?"

Nimemwambia hayatakufa. Nimesema kwa sauti ya msimamizi. Nilipofika nyumbani nimeongeza chupa ya pili, na soksi ya kulia.

Ijumaa, 11 Julai

Ukungu. Miguu inaniuma.

Jumatatu, 14 Julai

Jioni nilitazama Ng'ambo, nikaona giza. Nikajua umekatwa tena. Nilishuka bonde nikapanda, nikamkuta Mzee Amos kwenye kigoda nje ya nyumba yake, amejifunika mgolole.

"Kamwene, mzee. Umekatika?"

"Kamwene. Haujakatika. Tumezima."

"Mmezima wenyewe?"

"Wewe si ndiye mwalimu wa ulanzi? Tumeona kimo kimeshuka, tumeacha mafunda. Kuna mtoto hajanywa." Akanyoosha fimbo kuelekea nyumba ya Evarista. Dirisha moja tu lilikuwa na mwanga kilima kizima, ule mwekundu wa mashine.

Wamekuwa wakifanya hivyo kila jioni tangu mayai yawekwe, bila kutuambia sisi wa Kanisani. Na mimi nilipita kwenye nyumba hizo hizo nikitafuta pasi.

Nimerudi nikazima taa zangu. Lea aliniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 19 Julai

Kanisani nao sasa wanazima mapema. Hata kilabuni. Bado betri zinalegea. Zinashiba saa nne asubuhi, na sote tunabana matumizi, na bado. Nimetembea kuzunguka nyumba ya betri hadi nyasi zimekufa.

Ijumaa, 25 Julai

Nitaandika yote.

Tangu Jumatano jua halijaonekana, na mtoni maji ya mtambo yamepungua, ndiyo kawaida ya kiangazi. Leo saa kumi jioni Evarista alinipigia. Hakulia. Heri angelia.

"Mashine imezima, kaka. Mayai mengine yameanza kutoboka. Wanalia ndani. Nawasikia."

Nilikimbilia nyumba ya betri. Volti zilikuwa zimeshuka chini kuliko nilivyowahi kuziona, na hata zahanati ilikuwa imekatwa. Nilisimama mbele ya betri nikiwa sina la kuzifanya. Nilikuwa nimezifunika, nimezipasha moto, nimewanyima watu taa kwa ajili ya betri hizo hizo, na zimelala chini ya blanketi la dubu kama wazee wa baraza.

Hapo hasira ikanipanda. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Kama nyinyi hamlihitaji, kuna wanaolihitaji." Nikavuta blanketi la dubu, nikavuta shuka la shemeji yangu, nikavuta yote, nikachomoa chupa zangu mbili na soksi zake, nikayabeba mabegani nikashuka bonde. Lea alinifuata na ndoo ya maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya viazi.

Ng'ambo akina mama walikuwa wameshajaa kwa Evarista. Tuliifunika mashine mablanketi hadi ikaonekana kama mgonjwa. Tukazipanga chupa ndani, kandokando ya trei, kila chupa na soksi yake. Jiko la Evarista halikutosha, kila nyumba ikachemsha, na maji yakawa yanapita mkono kwa mkono toka nyumba hadi nyumba. Aliyeona maji yake ni mengi alimpa jirani, na aliyepungukiwa hakuhitaji kuomba, kwani kila mtu alikuwa anaona.

Farhan alitokea kwenye ukungu na kikapu kichwani. Alibeba chupa za chai zote za dukani kwake, mpya, nyingine zikiwa bado na karatasi za kiwandani.

"Hizi zinashika joto hadi kesho," alisema. "Bidhaa za friji langu nimeziacha, Baba Blessing. Sikuona kama vifaranga wanakula viberiti."

Nilimwomba radhi hapo hapo, mikono imejaa soksi. Alisema, "Weka kwanza hiyo soksi, radhi haipoi."

Evarista alikaa kwenye kigoda, mkono mmoja ndani ya mashine, kiganja juu ya mayai. Kila alipohisi panapoa alitaja upande, nasi tukabadilisha chupa. Hakunitazama hata mara moja. Ilipofika wakati wa kuwasha vibatari, yai la kwanza lilifunguka. Herufi yake ilikuwa ya mke wa Mzee Amos.

Jumamosi, 26 Julai

Tulifanya kwa zamu hadi asubuhi. Vifaranga zaidi ya nusu wametoka, wanatembea juu ya wenzao kama watu wa mnadani. Waliobaki hawatatoka. Evarista ametenga herufi za waliokosa, na waliopata wamekubali kuwagawia.

Jua limetoka. Betri ziko uchi, mablanketi yote bado yako Ng'ambo. Taa ya kijani haikuwaka saa nne, wala saa sita. Imewaka saa tisa alasiri. Nimeandika ubaoni: betri zimegoma kushiba, zinaumwa.

Jumatatu, 28 Julai

Jambo la ajabu. Ukungu umerudi nusu siku, taa ya kijani inachelewa kila siku, na bado jana na leo umeme haujakatika, hata Ng'ambo, hata kilabuni. Padre anasema ni maombi. Mchungaji anasema ni maombi ya upande wake. Lusekelo kwa simu anasema ni kile kisanduku alichorekebisha. Mwenyekiti anasema ni uongozi. Tena mwenyekiti ameamua kwamba nipelekwe Nane Nane Mbeya, nisimame kwenye banda la wilaya nieleze ubunifu wetu wa mablanketi ya betri. Jumapili kijiji kitanipongeza rasmi.

Jumatano, 30 Julai

Nimekopa blanketi moja na chupa moja kwa ajili ya maonyesho. Saa nne asubuhi, jua likiwa zuri, nikaifunika betri ya pembeni nione itakavyopendeza. Nikachomeka chupa ya maji ya moto pale kwenye punje.

Taa ya kijani ikawaka.

Niliitazama. Betri ambazo hazijashiba tangu asubuhi haziwezi kushiba kabla sijamaliza kukohoa. Nikachomoa chupa, nikakaa kwenye ndoo nikangoja punje ipoe. Taa ya kijani ikazima, na mshale wa kuchaji pale kwenye kidhibiti ukapanda. Nikarudisha chupa. Taa ikawaka, mshale ukalala.

Nilifanya hivyo hadi maji ya chupa yakapoa, na mimi nikapoa.

Jumapili, 3 Agosti

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kama nilivyowaeleza leo watu wote mbele ya ofisi ya kijiji, kabla mwenyekiti hajafika kwenye sehemu ya pongezi.

Betri ikipata joto jingi, kidhibiti kinapunguza kuilisha isije ikachemka. Ndivyo Lusekelo alivyonieleza mwezi wa tano, nami nikawa nawaza viazi. Kidhibiti hakina macho. Kinachojua kuhusu joto ni kile tu kinachoambiwa na ile punje nyeusi, na punje nimeikumbatisha chupa ya maji ya moto kila siku tangu Juni. Kidhibiti kikaamini betri zetu zimehamia Dar es Salaam. Kila asubuhi kilizipa kidogo, kikawasha taa ya kijani, kikasema basi, zimeshiba. Hazikuwa zimeshiba. Hakuna aliyekula umeme: si Farhan, si Ng'ambo, si kilabu. Mablanketi ya akina mama hayakuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa chupa, na chupa ilikuwa yangu. Usiku ule wa vifaranga nilipozivua betri kwa hasira, ndipo zilipoanza kulishwa. Sikujua nafanya nini. Na hapo pia sikujua.

 Nilipomaliza, Farhan akaanza kucheka, kile kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono, na kikasambaa hadi Mzee Amos akalazimika kuegemea fimbo. Mwenyekiti aliuliza kwa upole kama Nane Nane bado naweza kwenda, kueleza kitu kingine.

Evarista hakucheka. Alinifuata baadaye kando ya nyumba ya betri.

"Kwa hiyo yale mayai ya kwanza ni wewe."

"Ni mimi."

"Sikuwa nimekosea mimi. Wala mashine."

"Hukukosea. Nilikuona na kikapu kile asubuhi, nikaenda kubadilisha maji ya chupa."

Aliangalia Ng'ambo.

"Mwakani baridi ikija," alisema, "maji ya moto mpe Lea."

Kisha akaniambia vifaranga wangapi ni wa nani, na kwamba hakuna wa kwangu. Nikasema ni haki. Nikamuuliza kuhusu soksi. Amenirudishia ya kulia, imefuliwa. Ya kushoto amekataa: vifaranga watatu wamezoea kulala ndani yake, na hatoi kitu kinachopasha joto mahali panapostahili. Atairudisha akiamua mwenyewe.

Sijatangaza msako. Leo taa ya kijani imewaka saa nane na nusu, na mguu wangu wa kushoto una baridi.